Maswali na Majibu: Ndugu Yako Akiwa Ndani

Toka tuguse habari za magereza toleo lililopita barua zimekuja nyingi mno, kwa hiyo safu nzima leo ni hiyo hiyo. Mimi nilifanya kazi ya ustawi wa wafungwa kabla sijastaafu, mengine nayasema kwa kuyaona na mengine kwa kuyasoma, na majina ya walioandika yote nimeyaweka pembeni. Kitu kimoja nikieleze kabisa hapa nisije nikarudia kila jibu: nikisema Kanuni za Mandela namaanisha zile kanuni 122 za Umoja wa Mataifa kuhusu namna mfungwa anavyotakiwa kutunzwa. Za mwanzo zilitungwa Geneva mwaka 1955, zikaja kufanyiwa marekebisho, Baraza Kuu likazipitisha Desemba 2015 na kuzipa jina la Mandela, maana yule mzee alikaa ndani miaka 27. Hazina nguvu kama sheria ya bunge la nchi yako, hilo mlijue, ila majaji wengi wanazitumia kama kipimo na wakuu wa magereza wanazijua, hata yule anayejifanya hazijui.

Haya twende.

SWALI: Shikamoo mzee. Mwanangu wa kwanza ana kesi, bado haijaanza kusikilizwa, yuko mahabusu toka mwaka jana. Nilipoenda kumuona akaniambia mama tunalala kwa zamu, wengine wamesimama wengine wamelala, na mliolala mnageuka wote kwa pamoja. Amekonda, ana upele mikono yote. Halafu kachanganywa na watu wenye vifungo vya miaka thelathini. Hii ni haki kweli? Huyu hajahukumiwa. – Mama mwenye mawazo

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Hilo la kugeuka kwa pamoja wala hajatia chumvi. Selo ikishajaa kupita kiasi watu wanalala ubavu ubavu, kichwa cha huyu miguuni kwa yule, na usiku kuna mtu anatoa amri safu nzima inahamia ubavu wa pili, usipogeuka unamlalia mwenzio. Kinachoumiza zaidi ni mtu akibanwa haja saa nane usiku. Akiinuka tu nafasi inazibwa, sio kwa ubaya, miili yenyewe inatanuka tu, sasa akirudi anachuchumaa karibu na mlango wa choo kusubiri amri ya kugeuka ndo ajipenyeze. Nimewajua vijana waliokuwa hawanywi maji kuanzia mchana kwa kuogopa hiyo safari, na wengine mkojo ukawaletea matatizo kwa sababu hiyo hiyo.

Vipimo vipo. Msalaba Mwekundu wa kimataifa wanasema kwenye chumba cha watu wengi kila mtu apate angalau mita za mraba 3.4, hapo umeshahesabu na kitanda. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2016, kesi ya Muršić dhidi ya Kroatia, ilisema ukimpa mtu chini ya mita 3 za mraba tayari kuna dhana nzito kwamba unamtendea unyama na serikali ndo ijieleze. Na usidhani ni tatizo la nchi maskini peke yake mama. Marekani mwaka 2011 Mahakama ya Juu iliiamuru California ipunguze wafungwa, magereza yale yalikuwa yamejengwa kwa watu wasiofika 80,000 yakawa yamebeba karibu mara mbili yake, na kwenye hukumu yenyewe imeandikwa kuna mahali watu mpaka 54 walikuwa wanatumia choo kimoja. 54! Hebu fikiria foleni ya asubuhi.

Sasa kuhusu mwanao. Kwa Kanuni za Mandela mahabusu hatakiwi kuchanganywa na waliohukumiwa, nukta. Anahesabiwa hana hatia na anatakiwa atendewe hivyo. Anaruhusiwa kuvaa nguo zake mwenyewe kama ni safi na zinafaa, kuletewa chakula kutoka nje kwa gharama yenu, kuonwa na daktari wake kama kuna sababu ya maana na mnaweza kumlipa, na halazimishwi kazi, anaweza kupewa nafasi ya kufanya kazi lakini akikataa asiadhibiwe. Haya yaandike kwenye karatasi, peleka kwa mkuu wa gereza kwa adabu, usiende kwa kufoka, maana utaondoka wewe atabaki yeye. Nakala mpe wakili.

Ila dawa ya kweli ya msongamano wa mwanao ipo mahakamani. Karibu theluthi moja ya watu walioko ndani duniani hawajahukumiwa bado, na wengine sio kwamba walinyimwa dhamana, walipewa masharti wasiyoyaweza, mdhamini hajatokea au kiasi ni kikubwa, basi wanakaa. Mwambie wakili aombe masharti yapunguzwe, hilo ombi linarudiwa, mkikataliwa mara ya kwanza sio mwisho. Nenda kila tarehe ya kesi ukakae pale hakimu akuone.

Upele: akipakwa dawa yeye peke yake ni kazi bure, wiki ijayo atakuwa nao tena. Selo nzima inatibiwa siku moja na nguo na mablanketi yanafuliwa siku hiyo hiyo. Mwambie aliripoti kama tatizo la selo, asiseme ni lake. Na nguo zake ukichukua kwenda kufua zifunge kwenye mfuko wa plastiki siku nne kabla hujazichanganya na za nyumbani.

SWALI: Mzee mi sikubaliani na wewe toka toleo lililopita kuhusu kuwatetea wafungwa. Hawa watu wameiba, wamebaka, wameua, halafu tuanze kuwahurumia godoro? Nimeona picha za jela moja huko Norway kila mtu na chumba chake, tivii, friji. Mimi nisiyeiba sina friji. Jela ikiwa nzuri nani ataogopa? – Mlipa kodi

JIBU: Ndugu yangu hasira yako naielewa na wala sitaki uipunguze kwa aliyebakwa au aliyeuliwa mtoto. Ila hebu nikuulize, hakimu alipotoa hukumu alisema nini? Alisema miaka saba. Hakusema miaka saba pamoja na kifua kikuu. Hakusema miaka saba na kuoza meno na kulala umechuchumaa. Kanuni ya tatu ya Mandela ndo inasema hivyo, kwamba kule kumtenga mtu na dunia ndiyo adhabu yenyewe, na gereza halitakiwi kuongeza mateso juu yake. Mi nikisoma ile naona ni hoja ya mtu anayeheshimu mahakama tu, kwamba adhabu itolewe na hakimu, isije ikaongezwa kienyeji na chawa na kunguni na afande aliyeamka vibaya.

Tena huyo mtu unayesema ateseke, kumbuka nusu ya shida za selo haziulizi nani kaua nani kaiba kuku. TB inasambaa kwa pumzi. Shirika la Afya Duniani linasema maambukizi ya TB magerezani ni mara kumi au zaidi ya uraiani, sababu ziko wazi, watu wengi, hewa haba, chakula duni, na mgonjwa anakohoa miezi hajapimwa. Mandela mwenyewe mwaka 1988 alikutwa na TB akiwa gereza la Pollsmoor, chumba kile kilikuwa na unyevu. Sasa askari anayefungua ile selo asubuhi anaenda nyumbani kwake jioni kubeba watoto wake. Mahabusu anaachiwa anapanda basi na wewe. Hakuna ukuta wa jela unaozuia kikohozi, kwa hiyo hata kama roho yako imegoma kabisa kuwahurumia basi jihurumie wewe.

Kuhusu picha, nadhani umeona Halden, imefunguliwa 2010, kweli kila mtu na chumba na choo chake na madirisha hayana nondo. Ni kweli inashangaza. Ila pale mlango ukifungwa usiku umefungwa, na mtu hajui mtoto wake kafaulu au kafeli mpaka aambiwe. Wenyewe wale hoja yao ni kwamba huyu atakuwa jirani wa mtu siku akitoka, wanataka atoke anajua kupika na kufua na kuongea na watu bila kupigana. Unaweza ukaona wamezidisha, sawa, lakini mi sijasikia mtu akaiba ili afungwe Halden. Na swali la friji yako, ndugu yangu, huyo wa kumuuliza sio mfungwa.

SWALI: Kaka yangu yuko ndani, kila nikienda ananiomba hela, anasema ni ya nyapara, asipotoa anahamishiwa kulala chooni. Nimechoka. Ni kweli au ananipiga mizinga? – Dada anayetoa

JIBU: Inawezekana vyote viwili dada yangu, lakini cha kwanza ni kweli mahali pengi sana. Askari wakiwa wachache, mfano wawili kwa mamia ya watu usiku, uongozi unaikabidhi selo kwa wafungwa wenyewe. Anateuliwa nyapara, anapanga nani alale wapi, nani aoshe choo, nani apewe sahani ya kwanza. Na wapi unalala kuna bei. Chini ya dirisha ndo ghali kuliko kote kwa sababu ya hewa, katikati ni wastani, na mlangoni pa choo wanalala wageni na wasio na watu wa kuwatembelea. Sabuni na sigara vinatumika kama hela, na hela yenyewe pia, na siku hizi vocha ya simu.

Kanuni ya 40 ya Mandela inakataza kabisa mfungwa kupewa madaraka ya kuadhibu wenzake. Kabisa. Kumpa kusimamia darasa au michezo sawa, lakini sio fimbo. Kwa hiyo hilo la kuhamishiwa chooni ni kosa la uongozi wa gereza hata kama anayelitenda ni mfungwa. Malalamiko kaka yako anaruhusiwa kuyapeleka kwa mkaguzi anayekuja kutoka nje, tena waongee bila askari kuwepo, na hata wewe ndugu unaruhusiwa kulalamika kwa niaba yake kama yeye mwenyewe hawezi. Ningekuwa wewe ningelalamikia utaratibu wa selo, nisitaje kaka yangu wala nyapara kwa jina, kwa sababu jina likishatajwa usiku wa siku ile ni mrefu. Na hela punguza taratibu, peleka sabuni, dawa ya meno, vitu. Ukikata ghafla utamuweka pabaya.

SWALI: Mdogo wangu alipigana na mwenzie gerezani, wakamuweka selo ya peke yake mwezi mzima na zaidi. Sasa hivi karudi na wenzake lakini nikimtembelea haniangalii usoni, anaruka mlango ukigongwa, anasema anasikia watu wakimwita. Nahofia wamemloga. – K.

JIBU: Hakuna aliyemloga. Hiyo ni kazi ya ukuta. Binadamu akifungiwa saa 22 au zaidi kwa siku bila kuongea na mtu maongezi ya maana, hicho ndicho kinachoitwa kifungo cha upweke, na kikipita siku 15 mfululizo Kanuni za Mandela zinakikataza moja kwa moja, zinakiweka kapu moja na selo ya giza, viboko na kupunguziwa chakula au maji kama adhabu. Sasa mwezi mzima na zaidi, hesabu mwenyewe. Kusikia sauti, kushtuka kwa kila mlio, kushindwa kukaa na watu, usingizi kukatika, haya yanajulikana kwa watu waliotoka huko, wengine yanapungua wakirudi kwa wenzao na wengine yanabaki. Marekani kuna mtu aliitwa Albert Woodfox alikaa upweke zaidi ya miaka 40 kule Louisiana mpaka alipoachiwa Februari 2016, akili yake ikabaki timamu, alisoma vitabu mle selo mpaka akajifundisha sheria, lakini huyo ni mmoja, usimtumie kumpimia mdogo wako.

Ombeni daktari amuone, na mseme wazi anasikia sauti, msifiche kwa aibu. Daktari au mhudumu wa afya wa gereza ana wajibu wa kumtembelea kila siku aliyetengwa, kwa hiyo kuna kumbukumbu zinatakiwa kuwepo, wakili aziombe. Na wewe endelea kwenda hata kama haongei. Kaa pale muda wako wote uliopewa, ongea mambo madogo madogo ya nyumbani, nani kaolewa, nani kahama. Usimuulize ilikuwaje.

SWALI: Dada yangu amefungwa ana mimba ya miezi sita. Tunaogopa atajifungua amefungwa pingu. Na mtoto atachukuliwa? – Ndugu zake

JIBU: Pingu hapana. Wakati wa uchungu, wakati wa kujifungua na mara baada ya hapo mwanamke haruhusiwi kufungwa pingu wala minyororo, hilo liko kwenye Kanuni za Mandela na kwenye Kanuni za Bangkok, ambazo ni za wanawake walioko gerezani na zilipitishwa 2010. Ajifungulie hospitali ya nje pale inapowezekana, na ikitokea amezalia gerezani cheti cha kuzaliwa kisiandike kwamba kazaliwa jela. Hilo la cheti fuatilieni kwa macho yenu, karani anaweza kuandika tu kwa mazoea na mtoto akabeba lile neno mpaka shule.

Mtoto kukaa na mama yake inategemea sheria ya nchi na umri, ila uamuzi unatakiwa uangalie maslahi ya mtoto, na akiwa mle ndani asihesabiwe kama mfungwa hata siku moja. Apate chakula chake, chanjo zake, daktari wa watoto. Shida ninayoijua mimi ni kwamba bajeti nyingi zinahesabu vichwa vya wafungwa, na mtoto kwa kuwa sio mfungwa hahesabiwi, basi mama anagawana naye sahani yake. Kwa hiyo toka sasa ulizeni mama anayenyonyesha anaongezewa nini. Pedi na maji ya kuoga pia ni haki yake bila kulipa, wanawake wengi wanaona aibu kuyasema hayo mbele ya afande wa kiume, na ndo maana kanuni zinataka wanawake wasimamiwe na askari wa kike, mwanaume asiingie upande ule bila kuongozana na askari wa kike.

SWALI: Nilienda na mama yangu mzee na mtoto wa miaka mitano kumuona mume wangu, getini tukavuliwa nguo zote, hata mtoto. Mama alilia njia nzima. Hatujarudi tena. – Sitaki kujulikana

JIBU: Pole, na mpe pole mama. Ukaguzi upo na lazima uwepo, vitu vinaingizwa kweli, lakini usiwe wa kudhalilisha, na ule wa kuingiza vidole mwilini kanuni zinasema uepukwe kwa wageni na kwa watoto usifanyike kabisa. Mnaweza kukataa kupekuliwa, mkikataa nao wana haki ya kuwanyima kuingia, ndo ulivyo huo mtego. Andika tarehe na saa, mpelekee mkuu wa gereza na chombo cha haki za binadamu cha nchi yenu. Na tafadhali mtumie mumeo barua leo umwambie kwa nini hamji, maana yeye pale anajua ameachwa. Nimeona wanaume wazima wanaacha kula kwa hilo.

SWALI: Wafungwa wanalimishwa mashamba ya wakubwa bure. Si utumwa huu? – Msomaji

JIBU: Inategemea shamba la nani. Mkataba namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, unasema kazi aliyolazimishwa mtu kwa hukumu ya mahakama haihesabiwi kazi ya shuruti, lakini kwa masharti mawili, isimamiwe na mamlaka ya umma na mfungwa asikodishwe wala kuwekwa mikononi mwa mtu binafsi au kampuni. Shamba la gereza sawa. Shamba la mheshimiwa, hapana, hata kama mheshimiwa ndiye mkuu wa gereza, tena hapo ndo hapana zaidi. Na malipo yapo kwenye Kanuni za Mandela, ujira wa haki, sehemu anunue vitu vyake, sehemu atume kwao, sehemu awekewe mpaka siku anatoka. Gereza ambalo mtu anatoka na nauli ya kumfikisha kwao kutokana na jasho lake nimeliona, kwa hiyo msiambiwe haiwezekani.

SWALI: Naweza kumpelekea vitabu? – Rafiki

JIBU: Ndiyo. Vyenye majalada laini, visiwe na maandishi ya kalamu ndani, na uliza kwanza getini vingapi kwa mara moja. Mandela alipofika gereza la Robben Island 1964 alikuwa anaruhusiwa barua moja na mgeni mmoja kwa miezi sita, na barua zenyewe zilikuwa zinafika zimekatwakatwa na wakaguzi, kwa hiyo kama kwako wanaruhusu kila wiki tumia kila wiki. Kamusi inapendwa sana ndani, na vitabu vya sheria, na chochote chenye michezo ya mpira.

Waliouliza kuhusu msamaha wa rais na kifungo cha nje, barua zenu ninazo, toleo lijalo.